William Morris: Tajiri wa vitambaa aliyerudisha heshima ya kitabu

WAFANYABIASHARA wengi hukumbukwa kwa ukubwa wa mali waliyoacha. Mwingereza William Morris, aliyefariki dunia mwaka 1896 akiwa na umri wa miaka 62, anakumbukwa kwa jambo jingine. Alikuwa na duka, alikuwa na karakana, alijua faida na hasara, lakini hakukubali bidhaa mbovu itoke mlangoni mwake.

Ndugu msomaji, kurasa za namna hii zimezoea kusimulia habari za majemadari, wafalme na wakombozi wa nchi. Leo nimeona nimlete mtu wa vitambaa na vitabu. Wasomaji wengi wa gazeti hili ni watu wa vitambaa, wanaovuka Kobero na Mabanda na marobota yao kila wiki. Wengine, kama mimi, ni watu wa vitabu. Morris alikuwa yote mawili, na vitabu alivyochapa katika miaka yake ya mwisho vinatafutwa hadi leo na wakusanyaji wa vitabu vya kale Ulaya, Marekani na Japani.

Kwa nini kitabu kilichouzwa pauni 20 mwaka 1896 kinauzwa leo kwa makumi ya maelfu ya pauni? Na kwa nini mtu aliyehubiri usawa wa watu alitengeneza vitabu ambavyo maskini hakuweza kuvinunua? Maswali hayo mawili ndiyo yaliyonifanya nifuatilie maisha yake.

MTOTO WA TAJIRI WA HISA

Morris alizaliwa tarehe 24 Machi 1834 huko Walthamstow, ambako wakati huo kulikuwa ni shamba nje ya jiji la London. Baba yake alifanya kazi ya udalali wa hati za fedha jijini. Mwaka 1844 kampuni moja iligundua shaba nyingi katika jimbo la Devon, na mzee huyo alikuwa miongoni mwa wenye hisa wa mwanzo. Hisa zilizonunuliwa kwa pauni moja moja zilipanda hadi mamia ya pauni. Familia ikawa tajiri ghafla.

Mzee alifariki mwaka 1847, kijana akiwa na miaka 13. Lakini shaba iliendelea kulipa. Morris alipotimiza miaka 21 alianza kupata mamia ya pauni kila mwaka kutokana na hisa hizo, wakati kibarua wa shamba nchini mwake hakufikisha pauni moja kwa wiki. Jambo hili tulikumbuke, maana baadaye lilimsumbua. Alikuwa hata mkurugenzi wa mgodi huo kuanzia mwaka 1871, na alipojiuzulu mwaka 1875 inasimuliwa kwamba alifurahi mno, akaiweka chini ile kofia yake ndefu ya vikao na kuikalia hadi ikabonyea.

Mwaka 1853 aliingia Chuo Kikuu cha Oxford akikusudia kuwa padri wa Kanisa la Anglikana. Huko alikutana na Edward Burne-Jones, kijana wa familia ya kawaida kutoka Birmingham, ambaye urafiki wao ulidumu hadi kifo. Vijana hao walikuwa wakienda kwenye maktaba ya Bodleian kuangalia vitabu vya zamani vilivyoandikwa kwa mkono na kupambwa kwa dhahabu na rangi. Mwaka 1855 waliamua kuachana na upadri. Mmoja akawa mchoraji. Morris alijaribu ujenzi, akajaribu uchoraji, akaandika mashairi, na mwisho akagundua kwamba mikono yake haikubali kutulia.

Mwaka 1859 alimwoa Jane Burden, binti wa mtunza farasi wa Oxford. Ndugu zake Morris hawakuhudhuria arusi hiyo. Ndoa yao ilipata mitihani mingi, ukiwemo ukaribu wa Jane na mchoraji Dante Gabriel Rossetti, na ugonjwa wa kifafa uliompata binti yao mkubwa, Jenny. Hayo tuyaache. Linalotuhusu ni kwamba maharusi hao walipohamia nyumba yao mpya, hawakuona dukani samani wala mapazia yaliyowaridhisha. Wakaamua kutengeneza wenyewe pamoja na marafiki zao. Kutokana na hilo, mwaka 1861 kampuni ikazaliwa, ikiuza vioo vya rangi vya makanisa, samani, karatasi za ukutani, mazulia na vitambaa.

PIPA LA NILA

Hapa nawaomba wenye biashara ya vitenge wanisikilize vizuri. Katika miaka ile viwanda vya Ulaya vilikuwa vimeanza kutumia rangi mpya za kemikali. Zilikuwa za bei nafuu na ziling'aa sana dukani. Tatizo lake kila mama anayeuza nguo mpakani analifahamu: mteja anafua mara mbili, rangi inachuja au inapauka juani, na wiki ijayo anarudi nayo mkononi akidai fedha zake.

Morris hakulalamika tu. Kuanzia mwaka 1875 alikwenda mara nyingi katika mji wa Leek, kwa mtia rangi aitwaye Thomas Wardle, akavaa viatu vya mbao miguuni na kuingia kazini kama mwanafunzi. Alijifunza rangi nyekundu itokanayo na mizizi, rangi ya njano itokanayo na majani, na zaidi ya yote nila. Nila ni ngumu. Kitambaa kinatoka kwenye pipa kikiwa na rangi ya kijani, na kinageuka buluu mbele ya macho yako kinapopata hewa. Mikono ya tajiri huyu ilikuwa ya buluu hadi viwiko kwa wiki nyingi.

Kitambaa chake mashuhuri cha mwaka 1883, chenye picha ya ndege wanaoiba matunda bustanini, kilitengenezwa kwa njia hiyo. Kwanza kitambaa kizima kilitiwa nila. Kisha kwa vibao vya mti vilivyochongwa, dawa ya kutoa rangi ilipigwa sehemu zilizotakiwa kuwa nyeupe au buluu hafifu. Baada ya hapo nyekundu na njano zikaongezwa kwa zamu, kila moja ikisubiri iliyotangulia ikauke. Kazi hiyo ilichukua siku kadhaa, na bei ikawa juu. Hata hivyo wateja walikipenda. Chema chajiuza, kibaya chajitembeza.

ALIYEPINGA VITA VYA MBALI

Mwaka 1883 Morris alijiunga na chama cha wajamaa. Watu wa tabaka lake walishangaa. Alisimama kwenye kona za mitaa siku za Jumapili kuhutubia wafanyakazi, akauza gazeti la chama kwa mkono wake, na akatoa fedha zake nyingi kuliendesha.

Liko jambo ambalo sisi Waafrika tungependa kulijua. Mwaka 1885, baada ya Jenerali Gordon kuuawa Khartoum, Uingereza ilipopiga kelele za kulipiza kisasi, chama cha Morris kilitoa tamko la kupinga vita vya Sudan. Mwaka 1890 Morris alichapisha kwa mfululizo katika gazeti hilo riwaya yake News from Nowhere. Ndani yake alieleza jinsi wafanyabiashara wakubwa wa Ulaya walivyotafuta visingizio vya kuingia nchi za watu, ikiwa pamoja na dini na kukomesha utumwa, ili wafungue masoko kwa nguvu. Mwaka huohuo, tarehe 1 Julai, Uingereza na Ujerumani zilitia saini mkataba wa kugawana sehemu zetu hizi za Afrika Mashariki. Anayevuka Mutukula na mzigo wake leo anavuka mstari ulioandikwa katika mkataba huo.

KITABU KIGEUZWE KAZI YA MKONO

Tarehe 15 Novemba 1888 jirani yake, mpiga chapa Emery Walker, alitoa mhadhara jijini London kwenye maonyesho ya chama cha mafundi na wasanii. Alionyesha ukutani, kwa taa ya picha, kurasa za vitabu vya karne ya 15 zikiwa zimekuzwa. Morris aliziona herufi hizo zikiwa kubwa kama mkono wa mtu. Inasemekana waliporudi nyumbani usiku ule alimwambia Walker kwamba anataka kutengeneza herufi zake.

Kwanza alikusanya. Alinunua vitabu vya kale kwa mamia, vya tangu miaka ya mwanzo ya upigaji chapa Ulaya. Hakuvinunua ili vikae kabatini. Alivinunua kama fundi cherehani anavyonunua shati zuri ili alifumue aone lilivyoshonwa. Alichagua vitabu viwili vilivyopigwa chapa Venice mwaka 1476, Walker akazipiga picha herufi zake na kuzikuza, na Morris akazichora tena na tena hadi mkono wake ukazizoea. Kisha akaziweka picha pembeni na kuchora za kwake. Fundi Edward Prince akazichonga kwenye chuma.

Karatasi aliagiza kwa Joseph Batchelor wa jimbo la Kent, iliyotengenezwa kwa mkono kutokana na matambara ya kitani tupu. Wino uliomridhisha aliupata Hanover, Ujerumani. Mitambo ya chapa ilikuwa ya chuma, ya kusukumwa kwa mkono. Januari 1891 alipanga nyumba ndogo karibu na kwake, Hammersmith, kando ya mto Thames. Akakiita kiwanda hicho Kelmscott Press, kwa jina la kijiji alichokuwa na nyumba ya shamba.

Mfanyakazi wa kwanza alikuwa mzee William Bowden, mpiga chapa mstaafu. Binti yake pia aliajiriwa kupanga herufi, na akakubaliwa katika chama cha wapanga chapa cha London, ambacho kabla yake kilikuwa cha wanaume watupu. Kitabu cha kwanza kilikusudiwa kiwe nakala 20 tu za kuwagawia marafiki. Habari zikavuja, maombi yakaja, na mwisho zikapigwa nakala 200 za karatasi, 180 kati yake zikauzwa kwa pauni 2 na shilingi 2 kila moja.

Hadi kiwanda kilipofungwa mwaka 1898 kilikuwa kimetoa vitabu 53 katika juzuu 66. Kikubwa kuliko vyote ni kile cha kazi za mshairi wa kale Geoffrey Chaucer. Burne-Jones alikichorea picha 87, na Morris akachora mapambo ya pambizo na herufi kubwa za mwanzo. Upigaji chapa ulianza Agosti 1894 ukaisha Mei 1896. Zilitoka nakala 425 za karatasi, na 13 za ngozi ya ndama. Za karatasi ziliuzwa pauni 20, za ngozi pauni 126, na zote za karatasi zilikuwa zimeshapata wanunuzi kabla kazi haijakamilika.

Mapema Juni 1896 nakala za kwanza zilifika mikononi mwa marafiki wale wawili wa Oxford. Morris alikuwa mgonjwa tayari. Alifariki tarehe 3 Oktoba mwaka huohuo. Daktari mmoja alisema ugonjwa wake ulikuwa ni kuwa William Morris tu, kwa maana ya kufanya kazi ya watu kumi. Alizikwa kijijini Kelmscott. Jeneza lilibebwa kwa mkokoteni wa shamba uliopambwa kwa majani, mvua ikinyesha.

WANAOVITAFUTA LEO

Baada yake wengine walifuata njia hiyo. St John Hornby alianzisha Ashendene mwaka 1895, C. R. Ashbee akaanzisha Essex House mwaka 1898, na mwaka 1900 Emery Walker akashirikiana na mjalidi Cobden-Sanderson kuanzisha Doves Press. Hawa wawili waligombana. Cobden-Sanderson aliapa mwenzake asizirithi herufi zao, na kati ya mwaka 1916 na 1917 alikuwa akienda usiku kwenye daraja la Hammersmith kuzimwaga mtoni, safari baada ya safari, hadi zikaisha. Mwaka 2014 wapiga mbizi walifanikiwa kuopoa vipande 150 tu.

Sasa mkusanyaji wa vitabu hivi anaangalia nini? Kwanza karatasi. Wachuuzi wetu wanajua kuinua noti juu ya mwanga kabla ya kuipokea. Mkusanyaji naye hufanya hivyo. Karatasi za Batchelor zilizotengenezwa kwa ajili ya Morris zina alama ndani yake: ya ua, ya samaki au ya tofaa. Chaucer imepigwa kwenye karatasi ya samaki. Asiyemwona samaki na aulize maswali, maana nakala za kuigiza zilichapwa viwandani baadaye, mojawapo Marekani mwaka 1958, na ni nzuri kwa kusoma lakini si mali ileile.

Pili jalada. Vitabu vingi vya Kelmscott vilitoka na jalada la karatasi ya kijivu-buluu lenye mgongo wa kitani, au la ngozi laini lenye kamba za hariri. Nakala 48 za Chaucer zilijalidiwa kwa ngozi nyeupe ya nguruwe katika karakana ya Cobden-Sanderson, na hizo bei yake iko mbali zaidi. Tatu, alikuwa nacho nani. Nakala yenye maandishi ya Morris ya kumpa rafiki yake hushinda iliyo safi isiyo na historia. Wapo wataalamu waliofuatilia Chaucer moja moja duniani na kutoa orodha yake mwaka 2011, nani alikuwa nayo na ikaenda wapi, kama vile mfugaji anavyojua ukoo wa ng'ombe wake.

Vitabu vya kale alivyokusanya Morris mwenyewe vilimpata tajiri wa Manchester, Richard Bennett. Asivyovitaka vilipigwa mnada London mwaka 1898. Alivyobaki navyo aliviuza, pamoja na vingine vyake, mwaka 1902 kwa bwana fedha wa Marekani, Pierpont Morgan. Hadi leo baadhi viko kwenye maktaba ya Morgan jijini New York.

SWALI LINALOBAKI

Tulirudi nyumbani mwaka 2009. Nilisoma shule ya msingi Ulyankulu, mkoani Tabora, tukiwa wanafunzi sita kwa kitabu kimoja, na kitabu chenyewe hakikuwa na jalada. Aliyekaa mwisho wa benchi alisoma kwa pembeni, na kurasa za katikati zilikuwa zimechomoka siku nyingi. Kwa hiyo nilipoanza kusoma habari za Morris nilikasirika. Pauni 20! Kibarua wa shamba alihitaji zaidi ya miezi mitano ya ujira wake, asile, asivae, ndipo akinunue kitabu kile. Huyu ni mjamaa wa namna gani?

Morris mwenyewe alilijua hilo na lilimuuma. Akiwa kazini katika nyumba ya tajiri mmoja alipandwa na hasira na kulalamika kwamba maisha yake yanapotea kwa kuhudumia anasa za wakubwa. Hoja yake ilikuwa kwamba bidhaa rahisi ina bei nyingine isiyoandikwa dukani. Mtu fulani kailipa, naye ni yule aliyeitengeneza kwa ujira mdogo, kwa haraka, bila kuruhusiwa kuifurahia kazi yake. Yeye aliwalipa wapiga chapa wake vizuri, na hakuwaharakisha. Gharama hiyo ndiyo iliyoonekana kwenye bei.

Je, jibu hilo linatosha? Kwangu linatosha nusu. Kitabu kizuri kilichofungiwa kabati la tajiri hakijamfundisha mtoto wa Makamba wala wa Giharo. Lakini nusu ya pili ninaiona darasani kila siku. Madaftari ya bei ya chini tunayonunua sokoni yanaachana kabla ya muhula kwisha, na mzazi ananunua tena. Maskini ndiye anayenunua mara mbili. Muuza vitenge analijua hilo, mjenzi analijua, na Morris alilijua akiwa na mikono ndani ya pipa la nila.

Nilichochukua kwake ni kidogo. Siku hizi kila mwanzo wa muhula wanafunzi wangu huja na sindano na uzi mnene. Kabla ya somo la kwanza tunashona migongo ya madaftari na vitabu vya shule, matundu matano, uzi unarudi ulikotoka na kufungwa katikati. Kazi inachukua asubuhi moja. Vitabu vya darasa la sita tulivyovishona miaka minne iliyopita bado vina kurasa zake zote, na mwaka huu vimepokewa na watoto wengine.